Ua na Ua

Mwaka 1883 kijana mmoja Mskoti, Joseph Thomson, aliondoka pwani akakata nchi ya Wamaasai akielekea Ziwa Victoria. Alikuwa na miaka 25. Safari ililipiwa na Royal Geographical Society ya London, kwa hivyo alipoiona ile safu ya milima ambayo Wakikuyu huiita Nyandarua, akaibatiza Aberdare, jina la rais wa jumuiya hiyo. Mpaka leo jina hilo liko kwenye ramani na kwenye lango la mbuga.

Thomson hakurudi na majina mapya tu. Alibeba pia mimea iliyokaushwa. Ilipofika Kew, mtaalamu Daniel Oliver aliipanga na kuiorodhesha, na mwaka 1885 mmoja wao ukapata jina la kisayansi: Delphinium macrocentron. Neno la kwanza linatokana na Kigiriki, na maana yake ni pomboo, kwa sababu tumba la ua hilo, kabla halijafunguka, lina mgongo na mkia kama pomboo anayeruka. La pili linasema habari ya ile pembe ndefu iliyo nyuma ya ua. Ukipanda nyanda za juu za Kenya na ukabahatika, utaliona kwenye nyasi za baridi: bua refu, na juu yake maua ya rangi iliyo kati ya buluu na kijani, pembe zake zimeelekea mbinguni. Lina ndugu mweupe mwenye harufu nzuri, Delphinium leroyi, aliyepewa jina la Alexandre Le Roy, mmisionari Mfaransa aliyefika Kilimanjaro mwaka 1890. Kusini mwa Sahara ukoo huu una ndugu wachache mno, na wengi wao wanaishi milimani mwetu.

Nakuandikia haya kutoka Modogashe, na milima hiyo iko mbali sana na hapa. Kama wewe ni mtu wa Nairobi huenda umelisikia jina hili mara moja tu, kwenye taarifa ya habari, na haikuwa habari njema. Modogashe ni njia panda. Barabara ya kutoka Isiolo kwenda Wajir na Mandera inapita hapa, na ile ya Garissa inaungana nayo. Kaunti tatu, Garissa, Isiolo na Wajir, zinakutana karibu na mlango wetu, na mpaka uko wapi hasa ni mjadala unaoweza kuharibu chai ya jioni. Mvua ni haba na jua ni kali: nyuzi 35 hapa si habari ya kumwambia mtu.

Sasa mtu wa Modogashe amejuanaje na delfinia? Kazi. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokataa kabisa, na tangu hapo naishi kwa kuandika makala za watu wa ng'ambo, nikilipwa kwa neno. Leo bima ya gari, kesho chakula cha paka. Siku moja ikaja oda: namna ya kuotesha delfinia ndefu kutoka kwa mbegu, bustanini nyumbani. Nikasoma usiku kucha, feni ikinipepea hewa ya moto usoni.

Na kazi yenyewe ni hii, maana huwezi kuelewa historia ya ua hili kabla hujaelewa tabia yake. Mbegu ya delfinia haikai sana. Ikiachwa kwenye joto inakufa kimyakimya ndani ya pakiti, ndiyo maana wakulima huiweka kwenye friji. Isie katika udongo laini wenye mboji, uifunike kidogo tu, kisha uweke trei mahali pa baridi na giza, nyuzi 10 hadi 18 hivi. Baada ya wiki mbili au tatu miche inatoka. Ikizidi joto, mbegu inagoma. Ukihamishia miche bustanini, inataka udongo wenye rutuba usiotuamisha maji. Konokono wanaipenda kupita kiasi. Bua likifika urefu wa mtu unalifunga kwenye kijiti, la sivyo upepo mmoja unalilaza. Maua yakinyauka unakata bua, na ukiwa na bahati mmea unakuchanulia mara ya pili.

Kwa kifupi: baridi, maji, mboji, kijiti, na mtu wa kukaa hapo akilitunza. Yaani delfinia inataka kila kitu ambacho hapa hakipo. Nilipomaliza ile makala nilibaki na swali ambalo mteja hakulilipia: ni nani aliyeamua kwamba bustani ni hii?

Delfinia za bustanini si zile za Nyandarua. Mama yao mkuu ni Delphinium elatum, mmea wa milima ya Ulaya hadi Siberia. Karne ya 19 Wafaransa na Waingereza walianza kuichanganya na kuichagua, na mwaka 1901 huko Bath, Uingereza, ikaanzishwa Blackmore & Langdon, kampuni ambayo jina lake likawa karibu sawa na ua lenyewe. Tatizo lilikuwa bei. Delfinia nzuri ilizalishwa kwa vipandikizi, mmoja mmoja, kwa hiyo ilikuwa ua la wenye nazo. Marekani ikabadilisha hilo. Frank Reinelt, mhamiaji aliyetoka Bohemia akatua California, alichagua mbegu vizazi kwa vizazi mpaka akapata ukoo wa Pacific Giants, ambao ungeweza kuupanda kwa mbegu na bado ukapata rangi uliyoitaka. Mpiga picha maarufu Edward Steichen naye alizipanda kwa maeka huko Connecticut, na mwaka 1936 jumba la sanaa la kisasa la New York, MoMA, likaonyesha maua yake kwa wiki nzima. Hazikuwa picha za maua. Ni maua yenyewe, yamesimama ukumbini kama sanamu.

Kumbuka hilo la mbegu. Mche ni mzigo, lakini mbegu inaingia kwenye bahasha. Ndivyo bustani ya Mwingereza ilivyosafiri.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Mwaka 1902 ikaja sheria ya Ardhi ya Taji, iliyowapa walowezi mashamba ya kukodi kwa miaka 99. Mwaka 1915 muda huo ukaongezwa hadi miaka 999. Hebu fikiria: mtu anaandikiwa ardhi ya mwingine kwa miaka karibu elfu moja. Nyanda za juu zikaitwa nchi ya wazungu, na sababu iliyotolewa, kila mara, ilikuwa hali ya hewa. Kule kuna baridi kama kwetu, walisema. Kule mzungu anaweza kuishi, kulima, kufuga, na kupanda maua. Walowezi walikuwa na vyama vya kilimo cha maua na mashindano ya maua, na mwaka 1934 wakapata kitabu chao, Gardening in East Africa, kilichohaririwa na A. J. Jex-Blake. Kichekesho ni kwamba delfinia ya kienyeji ilikuwa tayari inachanua milimani mle, bila kijiti na bila mtunzaji. Haikuhesabiwa kama bustani kwa sababu haikuwa na ua.

Hapa Kiswahili kinanisaidia. Ua la kwanza, wingi wake maua, ni lile linalochanua. Ua wa pili, wingi wake nyua, ni ule wa miti au makuti unaozungushia nyumba. Sisi tunayatofautisha bila shida kwa kusikia "hili" au "huu". Serikali ya kikoloni haikuweza. Kwake, palipokuwa na ua wa kuzungushia ndipo palipokuwa na ua la kupendeza, na pasipokuwa na uzio palikuwa pori tu.

Sasa tushuke kaskazini. Mwaka huohuo wa 1902, wakati nyanda za juu zinagawiwa, serikali ilitunga sheria nyingine ya kufunga wilaya za mbali. Sheria ya ardhi ilimwita mgeni aje alime; hii ya pili ilimwambia mwenyeji akae alipo. Kufikia mwaka 1926 Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ile ambayo wazee wetu bado wanaiita NFD, ilikuwa imefungwa kabisa: hakuna kuingia wala kutoka bila kibali. Mwaka 1934 sheria ya Wilaya Maalum ikaongeza kamba, ikawapa maofisa nguvu ya kuwazuia watu mahali pamoja na kuadhibu jamii nzima. Mifugo nayo ikawekewa karantini, ili ng'ombe wa kaskazini wasipande na magonjwa kwenye mashamba ya walowezi. Sema pia wasipande na bei nafuu sokoni.

Lango la ua huo lilikuwa Isiolo, mwisho wa pili wa barabara yetu. Na huko Isiolo, katika miaka ya 1940, aliishi mwanamke ambaye dunia ilimjua baadaye kwa sababu ya simba, Joy Adamson. Mumewe George alikuwa mlinzi wa wanyamapori wa NFD. Kabla ya simba, Joy alikuwa mchoraji wa maua. Alichora mimea ya Kenya kwa mamia, na mwaka 1947 Royal Horticultural Society ya London ikampa Nishani ya Dhahabu ya Grenfell. Simlaumu, michoro yake ni mizuri kweli. Lakini tazama hesabu ilivyo. Ua la porini la Kenya liliweza kupita lango la Isiolo na kufika London, na huko likapata medali. Mchungaji wa Modogashe hakuweza kulipita lango hilohilo na mbuzi wake bila karatasi ya ofisa.

Utasema hayo ni ya mkoloni, yamepita. Haya. Mwaka 1962 tume ilikuja kuuliza watu wa NFD wanataka nini, ikakuta kwamba Wasomali wengi wanataka kujiunga na Somalia. Uingereza ikasikia, ikaenda zake. Tarehe 28 Desemba 1963, siku 16 baada ya uhuru, serikali mpya ya Kenya ilitangaza hali ya hatari huku kwetu. Vita vya Shifta vikaanza, na hata mapatano ya Arusha ya mwaka 1967 yalipovimaliza, sheria za hatari hazikuondoka. Zilifutwa Novemba 1991. Bendera ilibadilika, ua ukabaki.

Halafu kuna karatasi moja ambayo kila kijana wa kaskazini angefaa kuijua kwa namba: Waraka wa Bunge Namba 10 wa 1965. Ndio ule wa Ujamaa wa Kiafrika, shuleni tuliimba kwamba ulileta usawa. Ndani yake serikali iliandika wazi kwamba fedha za maendeleo ziwekwe mahali zitakapozaa zaidi: penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme. Soma tena orodha hiyo. Ardhi nzuri na mvua ni za Mungu. Barabara na umeme ni vya serikali. Kwa hiyo sehemu iliyonyimwa barabara na mkoloni ilinyimwa nyingine na mrithi wake kwa sababu haikuwa na barabara. Aliyemwagiliwa ndiye atakayemwagiliwa.

Matokeo unaweza kuyaona uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta usiku wowote. Kenya leo ni mmoja wa wauzaji wakubwa wa maua duniani. Waridi ndilo mfalme, lakini nyanda za baridi zinakuza delfinia pia, zikakatwa alfajiri, zikawekwa kwenye vyumba vya baridi, zikapanda ndege kwenda Uholanzi. Sina ugomvi na watu wanaopata riziki huko. Nina marafiki kwenye vitalu vya maua, na mikono yao inaonyesha kazi. Ninachosema ni kwamba ua linaruka hadi Amsterdam usiku mmoja, na kwa miongo mingi mama mwenye uchungu wa kujifungua alichukua muda huohuo kufika hospitali kubwa kwa barabara yetu ya vumbi.

Siku zile za oda yangu nilimwonyesha ayeeyo, bibi yangu, picha ya delfinia kwenye simu. Aliishika karibu na macho.

"Refu," akasema. "Mbuzi wanalila?"

"Hapana, ayeeyo. Lina sumu."

"Na ngamia?"

"Hata ngamia."

"Sasa linapandwa la nini?"

"La kuangaliwa tu."

Akanirudishia simu taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha mgonjwa.

Unaweza kucheka, lakini swali la ayeeyo ni la kitaalamu. Katika malisho ya magharibi mwa Marekani, delfinia za porini ni miongoni mwa mimea inayoua ng'ombe wengi. Sumu yake hukata mawasiliano kati ya neva na misuli. Mnyama analegea, anaanguka, anashindwa kupumua. Kondoo wanaivumilia zaidi kuliko ng'ombe, kwa hiyo wafugaji wa kule walijifunza kuwatanguliza kondoo wapunguze mimea hiyo kabla ng'ombe hawajaingia. Huo ndio ujuzi wa ayeeyo hasa: kujua nani anakula nini, lini, na nani atangulie. Yeye akitazama uwanda anasoma menyu. Mgeni anaona miba tu.

Mbegu za huku nazo zina masharti yao. Ile ya delfinia inataka friji. Mbegu ya mgunga ina ganda gumu, na kinachoisaidia ni kupita tumboni mwa mbuzi: anakula maganda yake kiangazi, anatembea, anaidondosha mbali ikiwa na samadi yake tayari. Nyasi zinaacha mbegu ardhini zikingoja. Mvua za gu zikifika, mwezi wa nne, uwanda uliokuwa kama sakafu unageuka kijani ndani ya siku chache, na hakuna aliyeusia kwa mkono. Hata waridi la jangwani, lenye shina nene kama mtungi, linachanua waridi tupu wakati kila kitu kimekauka. Hiyo ni bustani. Kazi ya mtunzaji wake ni kuhama kwa wakati, ili ardhi ipumue.

Serikali ilipokuja kutupandia, ilitupandia mathenge. Mti huo wa Marekani ya Kusini ulisambazwa maeneo makavu ya Kenya miaka ya 1970 na 1980 ili kuzuia jangwa, ukakubali mno. Ukafunga njia za maji na malisho, na maganda yake matamu yakaharibu meno ya mbuzi. Wailchamus wa Baringo waliishtaki serikali, wakamleta mbuzi asiye na meno mahakamani kama ushahidi. Garissa nasi tunao, kando ya Tana hadi mbali. Hayo ndiyo malipo ya kusia mbegu bila kumuuliza mwenye mbuzi.

Na mji wangu una mchango wake katika elimu hii ya bustani. Mwaka 2001 wazee na viongozi wa kaskazini walikutana hapa, wakaafikiana juu ya kanuni ambazo mpaka leo zinaitwa Azimio la Modogashe. Ziligusa silaha, wizi wa mifugo, fidia ya damu. Na zikagusa malisho na maji: ukitaka kuhamia eneo la wenzako, waombe kwanza wazee wa huko, na usiende na bunduki. Azimio halikuwa kamilifu. Lilihesabu damu ya mwanamke kuwa nusu ya damu ya mwanamume, na sisi vijana tuna haki ya kulikataa hilo kwa sauti. Limefanyiwa marekebisho tangu wakati huo, na limevunjwa pia, zaidi ya mara moja. Lakini kiini chake ni kitu ambacho sheria za 1902 hazikuweza kukiwaza: bustani isiyo na uzio, inayolindwa kwa kuombana.

Nayaandika haya sasa kwa sababu lami inakuja. Kazi kwenye barabara ya Isiolo, Modogashe na Wajir imekuwa ikiendelea, na hakuna mtu hapa anayeitamani lami kuliko mimi. Lakini pamoja na lami zinakuja nyaya. Kando ya barabara vijana wa rika langu wanapima ploti, wanachimba mashimo ya nguzo, wanaandika kwa rangi nyekundu kwamba uwanja huu hauuzwi, maana yake umeshauzwa. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inasema ardhi hii ni ya jamii, na jamii inaweza kujiandikisha na kupata hati yake. Mpaka ijiandikishe, kaunti inaishika kwa niaba yao. Kati ya "inaishika" na "imeandikishwa" pana mwanya, na ng'ombe wengi wanaweza kupotelea humo.

Mikutano ya kuandikisha ardhi inawachosha vijana. Tunaona ni mambo ya wazee, ya kukaa chini ya mti siku nzima. Mimi nasema twende, tukakae, tusome hiyo sheria kwa sauti na kuifasiri, kwa sababu wengi wa wazee wetu hawakusomeshwa lugha iliyoandikiwa. Na kila anayekuja na nguzo na ramani, awe wa Nairobi au binamu yetu wa damu, tumuulize lile swali fupi la ayeeyo kabla shimo la kwanza halijachimbwa: hiki unachotaka kukiweka hapa, mbuzi wanakila?